Mshahara Haukuua Mkonge

Kila Serikali inapotangaza kima kipya cha chini cha mshahara, swali huwa lile lile, liwe limetoka Korogwe mjini au Kwaluguru kule Handeni: "Mshahara ukipanda, si watu watapunguzwa kazi? Si ndivyo mkonge ulivyokufa?" Nimelijibu kwa upole vya kutosha. Leo nalijibu kwa ukali kidogo, kwa kuwa sehemu ya pili ya swali imegeuzwa ushahidi wa sehemu ya kwanza, na ushahidi wenyewe ni mbovu.

Simulizi ni kwamba mara tu baada ya Uhuru Serikali ilipandisha mishahara ya mashambani, matajiri wakashindwa kulipa, korona, yaani mashine za kuchakata mkonge, zikanyamaza. Jambo moja limetangulia, jingine likafuata, basi la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Kwa mantiki hiyo hiyo unaweza kuulaumu Uhuru wenyewe.

Tazameni tarehe. Kamati ya kima cha chini cha mshahara iliyoongozwa na Chesworth ilitoa mapendekezo yake mwaka 1962, na kima cha chini kikaanza kutumika mwaka 1963. Uzalishaji wa mkonge ulifika kileleni mwaka 1964, takriban tani 230,000. Rekodi hiyo, ambayo haijafikiwa tena hadi leo, iliwekwa baada ya mshahara kupanda. Kilichofuata ni kuporomoka kwa bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge, katika soko la dunia. Kamba za plastiki zilikuwa zimeingia, Brazil nayo ilikuwa ikimwaga singa sokoni. Mkonge wa Kenya ulisinyaa miaka hiyo hiyo, maana bei haikubagua nchi. Kisha Oktoba 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Mambo manne makubwa ndani ya miaka mitano! Anayechomoa moja na kulibebesha lawama zote hajapima kitu, amechagua tu analolipenda.

Je, mshahara haukufanya lolote? Ulifanya, na hapa ndipo wapenzi wa simulizi hiyo wangepaswa kutulia wasikilize. Idadi ya wafanyakazi ilianza kushuka hata tani zilipokuwa bado zinapanda. Wenye mashamba walipunguza vikosi vya palizi, wakaongeza kazi ya siku ya kila mtu, wakaacha kusafirisha manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali. Shirika la SILABU, lililoanzishwa mwaka 1944 kwa ajili ya kuwakusanya manamba hao, likakosa kazi. Waliobaki walipata zaidi, wakawa waajiriwa wa kudumu wenye familia kambini. Ajira zilipungua na kipato cha waliobaki kikapanda. Hilo ni tokeo la mshahara. Kufa kwa mashamba ni jambo jingine lenye sababu nyingine, na anayeyachanganya hayo mawili atapendekeza dawa isiyotibu.

Kuna kitu kingine ambacho hesabu ya vichwa haioni. Mkataji hupimiwa kazi kwa mafungu ya majani 30. Sheria inataja mshahara, haitaji mafungu. Tuseme jana kazi ya siku ilikuwa mafungu 70 na leo nyapara anataka 90. Orodha ya malipo itaonyesha sheria imefuatwa na hakuna aliyeachishwa, wakati mkataji anarudi kambini jua limezama akiwa ameuza jasho zaidi kwa kila shilingi. Mtathmini asiyeuliza mafungu ataandika kwamba amri imefanikiwa.

Swali lenye maana ni hili: bila amri ile, hali ingekuwaje? Hatuwezi kuiona hali hiyo, kwa hiyo tunatafuta pacha wake. Aprili 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima cha saa kutoka dola 4.25 hadi 5.05, Pennsylvania jirani haikupandisha. David Card na Alan Krueger walichunguza migahawa 410 pande zote mbili, kabla na baada. Ajira ya New Jersey haikupungua ukilinganisha na ya jirani. Lakini Afrika Kusini ilipoweka kima cha chini kwa vibarua wa mashamba mwaka 2003, watafiti waliolinganisha vivyo hivyo walikuta mishahara imepanda na ajira ya mashambani imeshuka. Anayekuambia jibu ni moja popote anakupotosha, awe wa chama cha wafanyakazi au wa waajiri.

Kwetu amri ni ya nchi nzima kwa sekta. Kilimo kilikaa kwenye shilingi 100,000 kwa mwezi tangu 2013, hadi Januari 2023 kilipopandishwa kuwa 140,000. Pacha bado yupo. Linganisheni mashamba yaliyokuwa yakilipa chini ya kima kipya na yale yaliyokuwa tayari yanalipa zaidi. Angalieni Mwatate, Kenya, ambako shamba kubwa la mkonge linauza katika soko la dunia lile lile chini ya sheria nyingine ya mishahara. Andikeni bei ya singa kila mwezi. Hesabuni watu kabla ya amri kutangazwa, si baada tu. Ulizeni siku walizofanya kazi, mafungu na makato. Wafuateni walioachishwa, maana wengi huishia vibarua wa palizi ya mahindi Handeni, ambako hakuna mkataba wala mchango wa NSSF, na ujira wa huko unaweza kushuka wakizidi. Subirini mvua zipite, vuli na masika zote, kwani mwaka wa ukame huvuruga kila hesabu.

AMCOS za mkonge Korogwe, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zinaweza kuanza wiki hii kwa daftari na kalamu. Na kama kuna mtu mwenye daftari za malipo za mashamba ya zamani, za miaka ya 1960 hasa, asizichome wala asiziuze kwa wafungashaji wa karanga. Azipeleke Bodi ya Mkonge, Tanga, au Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Tunazihitaji.