Jedwali Halijui Kilichosahauliwa

Siku hizi ni shida kuingia katika ofisi yo yote ya Serikali, Unguja au Pemba, pasi na kukabidhiwa karatasi iliyojaa mistari na tarakimu. Bajeti ya idara, mishahara, orodha ya dawa, hata michango ya harusi, vyote vimo ndani ya lahajedwali, yaani lile jedwali la hesabu lifanyalo kazi ndani ya kompyuta. Hatuna ugomvi nalo. Tunalo la kusema juu ya namna tunavyoliamini.

Mwaka 1978 Dan Bricklin, mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alimtazama mwalimu wake akifanya hesabu ubaoni. Tarakimu moja ikibadilika, mwalimu hana budi kufuta na kuandika upya zote zilizoitegemea. Bricklin akawaza ubao utakaojisahihisha wenyewe. Yeye na mwenzake Bob Frankston wakatengeneza VisiCalc, programu iliyoanza kuuzwa mwaka 1979. Excel, iliyoenea mno sasa, ilitoka mwaka 1985.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupelekwa skuli tunaifahamu vyema adha ile ya kufuta. Mtu amefariki, wazazi wake wametangulia, ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume, wawili wa kike, na shilingi 16,000,000. Mjane ana thumni. Kilichobaki ni cha watoto, wa kiume akipata mafungu mawili ya wa kike. Basi mjane apata 2,000,000, kijana 7,000,000, na kila binti 3,500,000. Mara atokea mdai na hati ya shilingi 1,600,000. Kwa kalamu twaanza upya. Katika lahajedwali twaandika deni katika kisanduku chake, na kufumba na kufumbua mjane ana 1,800,000, kijana 6,300,000, na kila binti 3,150,000.

Ni neema hiyo. Lakini Kadhi huuliza: kuna deni jingine? Kuna wasia? Lile shamba la mikarafuu la marehemu je? Jedwali haliulizi. Hugawa lililopewa, na hugawa kwa utulivu ule ule, liwe limepewa mali yote au nusu yake.

Uingereza iliyaonja hayo mwaka 2020. Matokeo ya vipimo vya UVIKO-19 yalikuwa yakihamishiwa katika faili la Excel la mtindo wa zamani, lisiloweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari ilipojaa, iliyozidi ikaachwa nje. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za kila siku. Wenyewe walikwisha pewa majibu yao. Waliokaribiana nao ndio waliochelewa kutafutwa na kuonywa, na maradhi hayakuwasubiri. Kompyuta haikukosea kujumlisha. Ilijumlisha ilichopewa.

Nchi ile haina upungufu wa wataalamu. Basi twawaomba wenzetu wakuu wa idara, kabla ya kutia saini, waulize nani aliyeziingiza tarakimu, kutoka daftari gani, na kule zilikotoka mistari ilikuwa mingapi. Wachague michache wailinganishe na stakabadhi zenyewe. Kazi hiyo haimalizi asubuhi. Tumepata kukaa katika kikao kilichopitisha hesabu bila ya swali hata moja, kwa kuwa zilikuwa zimepigwa chapa vizuri na kutiwa rangi. Na sisi wenyewe, tukiri, hatukuuliza.

Mkulima aliyeuza karafuu zake hajui kama jina lake limo katika mstari wa 412 au limeachwa. Anachokijua ni stakabadhi iliyoko mkononi mwake, na siku atakapokuja nayo ofisini haifai ajibiwe kwamba kompyuta haimwoni.