Kipeperushi Kinapokufikia Mkononi

Apitaye Mtaa wa Kongo au Msimbazi, Kariakoo, ni nadra kufika mwisho wa safari yake bila kupewa karatasi yenye picha za sabuni, vyombo vya jikoni, krimu au virutubisho. Aghalabu mwenye kuigawa hana duka. Bidhaa zake zimo nyumbani kwake Mbagala au Tabata, na mauzo yake hufanyika ana kwa ana, baada ya kupigiana simu. Mwenye duka unaweza kumrudia kesho. Huyu hana mlango wa kurudiwa. Kwa hiyo, kwa mlaji, kipeperushi ndicho duka lenyewe. Tunaeleza hapa namna kinavyopaswa kutengenezwa, ili mnunuzi ajue cha kutazama na mfanyabiashara mdogo ajue asichopaswa kukiacha.

Umbo lake ni jambo jepesi. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara mbili hutoa kurasa sita nyembamba, nazo zatosha. Ugumu umo katika bei. Katika uchapaji, gharama kubwa ni ya maandalizi. Nakala za ziada huwa nafuu, na mwenye mtaji mdogo hushawishika kuchapa maelfu. Bidhaa nyingi za Kariakoo hutoka ng'ambo, hivyo thamani ya shilingi ikiyumba, bei iliyochapwa hupitwa na wakati, na kalamu huanza kufuta na kuandika upya. Tunashauri orodha ya bei iwe karatasi ya peke yake, inayoweza kutolewa fotokopi, yenye tarehe ya mwisho wa bei hizo. Bila tarehe, picha ya kipeperushi huzunguka WhatsApp kwa miezi, na mnunuzi hufika na fedha pungufu. Bei na iwe kwa shilingi: kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza kutangaza bei ya bidhaa nchini kwa fedha za kigeni.

Pili ni utambulisho. Wabunifu wengi huijaza kurasa ya mbele kwa sura ya mwanamitindo anayetabasamu, kisha jina la biashara likasukumwa pembeni kwa herufi zisizosomeka. Sisi tungelipa jina nafasi ya kwanza, kama lilivyosajiliwa BRELA, pamoja na mahali anapopatikana muuzaji na namba ya malipo. Mlaji anayo njia rahisi ya kupima: unapolipa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Likitofautiana na la kipeperushi, simamisha malipo na uulize.

Lenye madhara makubwa zaidi ni maneno ya afya. Kuna vipeperushi vinavyoahidi, katika orodha moja, kuponya kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo na ugumba, vyote kwa kopo moja la unga. Hasara hapa si fedha tu. Mgonjwa wa kisukari anayeacha dawa za hospitali kwa kuiamini karatasi anaweza kupoteza mguu au uhai. Matangazo ya dawa kwa umma huhitaji idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Vyakula na vipodozi, tangu 2019, viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku, hata karatasi iziite za asili. Wala usivutwe na picha ya cheti cha usajili wa kampuni au namba ya mlipakodi: hizo huonyesha kwamba biashara ipo, hazisemi lolote juu ya kilichomo koponi. Picha za mteja kabla na baada ya kutumia bidhaa nazo zina masharti yake, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 humlinda mwenye sura hiyo.

Vipo pia vipeperushi ambavyo bidhaa imepewa mistari miwili, na kurasa zilizobaki zinaeleza utakavyopata kipato kwa kuwaingiza wengine. Wengi wanakumbuka DECI, ambayo hadi 2009 ilikusanya fedha za wananchi kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna. Kuendesha upatu wa namna hiyo ni kosa la jinai. Jiulize: asipoingizwa mtu mwingine yeyote, je, bidhaa hii itanunuliwa kwa bei hii? Kariakoo jibu haliko mbali. Tembea maduka matatu ya jirani, ulinganishe.

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya 2003, inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na maneno yaliyochapwa ni sehemu ya mwenendo huo. Basi usikitupe kipeperushi baada ya kununua. Kihifadhi pamoja na risiti. Muuzaji asiyelazimika kuwa na mashine ya EFD na akuandikie kwa mkono jina lake, bidhaa, kiasi na tarehe. Bidhaa isipolingana na maelezo, mwandikie muuzaji kwanza, utunze ujumbe huo, kisha upeleke vyote Tume ya Ushindani (FCC). Picha ya simu nayo hufaa, mradi ionyeshe pande zote mbili za karatasi.