Taa ya Kucha na Magadi ya Kupikia

Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyehamia London, alipounda mwaka 1936 redio ambayo badala ya nyaya ilikuwa na mistari ya shaba iliyogandamana na ubao wake, kazi hiyo aliifanyia katika chumba cha kupanga, pande za Hampstead. Basi fundi wa Mnyuzi, wilayani Korogwe, baina ya mashamba ya mkonge na njia ya reli, ambaye bodi ya kidhibiti cha sola imemharibikia na mpya haipatikani ila kwa kuagiza, hana sababu ya kudhani kuwa sanaa hii ni milki ya viwanda peke yake.

Njia mashuhuri ya kuhamishia mchoro wa mistari hiyo kwenye ubao uliovikwa shaba ni ya pasi. Mchoro huchapwa kwa printa ya leza juu ya karatasi nyororo ya jarida, hulazwa kifudifudi juu ya shaba iliyosuguliwa kwa msasa laini, kisha hupigwa pasi. Na kwa kuwa tona ni unga wa plastiki, huyeyuka na kuishika shaba. Printa ya wino wa maji haifai kitu hapa. Ni njia rahisi, walakini mimi siipendi, maana mkono haugandamizi sawasawa, na pembezoni mistari aghalabu hukatika. Ile mashine ya steshenari ya kufunikia vitambulisho kwa plastiki, yenye rola mbili za moto, huifanya kazi hiyo kwa uthabiti zaidi.

Bora kuliko hiyo ni utando wa buluu ugandao kwa nuru. Hubandikwa penye mwanga hafifu wa manjano, hufunikwa kwa karatasi angavu ambayo njia za umeme zimeachwa wazi na penginepo pote ni peusi, kisha huwekwa chini ya taa ya saluni ya kukaushia rangi ya kucha, maadamu nuru ya urujuanimno itokayo humo ndiyo hasa utando uitakayo. Muda haujulikani mpaka ujaribiwe: chukua kipande, kifunike kwa kadibodi, uivute kidogo kila nusu dakika, nacho kitakuonyesha kiasi kilichotosha. Palipokosa nuru huoshwa kwa maji ya magadi, takribani gramu 10 kwa lita. Magadi ya sokoni, yatiwayo maharageni, huwa yamechanganyika na bikaboneti. Basi yakaangwe kwanza, moto uiondoe hewa ya ukaa, ndipo yapate ukali unaotakikana.

Shaba iliyobaki wazi, ambayo unene wake kwa kawaida ni sehemu 35 za elfu ya milimita, huliwa na kloridi ya feri, dawa ya hudhurungi itiayo nguo doa lisilotoka. Itiwe katika chombo cha plastiki, kamwe si sufuria ya alumini. Ikichoka imejaa shaba, nayo ni sumu kwa samaki, ilhali maji ya pande za Korogwe mengi hukomea mto Pangani. Isimwagwe mtaroni: itumbukizwe misumari mikuukuu, nayo shaba itajitenga na kutuama kama tope jekundu, kisha maji yatiwe magadi kidogo kidogo mpaka yaache kutoa povu, na tope lote likaushwe na kufungwa mfukoni, mbali na kisima.