Mwanga wa Tochi Husaidia Kutambua Presha ya Macho

Presha ya macho, yaani glakoma, huharibu mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, mara nyingi bila maumivu. Katika uchunguzi, mtaalamu humulika jicho moja kwa tochi, kisha la pili, kwa kupokezana. Kwa kawaida mboni zote mbili husinyaa pamoja. Mwanga ukihamia jicho fulani na mboni zikatanuka, huenda mshipa wa jicho hilo umeathirika zaidi. Hata hivyo, macho yote yakiathirika sawasawa, tochi haionyeshi tofauti. Hivyo hupimwa pia presha na kuchunguzwa ndani ya jicho. Uoni uliopotea haurudi; tiba hulinda uliobaki. Wananchi wenye miaka 40 na kuendelea, hasa wenye ndugu wa damu aliyeugua, wanahimizwa kupima macho mapema.