Ekzosi iliyochomelewa vibaya inavyokula faida ya mkulima

LORI dogo aina ya Canter linalobeba nyanya kutoka Ilula, mkoani Iringa, kwenda Dar es Salaam hupita Mlima Kitonga mara mbili. Wakati wa kwenda linateremka na nyanya. Wakati wa kurudi linapanda, mara nyingi likiwa limejaa mbolea, saruji au bidhaa za dukani, injini ikinguruma kwa gia ndogo kwa muda mrefu.

Ni katika kupanda huko ambako manifoldi ya ekzosi hupata shida. Hiki ni kipande cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini, chenye matundu yanayopokea moshi wa kila silinda na kuuelekeza kwenye bomba moja la nyuma. Kwa injini ya dizeli yenye mzigo mzito, moshi unaopita humo unaweza kuzidi nyuzi joto 600 za sentigredi. Kwa injini ya petroli unaweza kupita nyuzi 800.

Gari likifika kileleni na kuzimwa, chuma hicho hupoa. Kesho hupata moto tena. Baada ya miaka ya kutanuka na kusinyaa, ufa hutokea.

Dalili ya kwanza ni sauti. Asubuhi injini inapowashwa ikiwa ya baridi, husikika mlio wa tak-tak-tak. Injini ikipata moto chuma hutanuka, ufa hujibana na mlio hupungua. Wenye magari wengi hudanganyika hapo wakidhani tatizo limekwisha. Baadaye masizi meusi huonekana kandokando ya ufa, na harufu ya moshi huanza kuingia ndani ya gari.

Ndipo mwenye gari anapokwenda kwa fundi wa kuchomelea. Kwa bahati mbaya, wengi hurudi huko mara ya pili, ya tatu na hata ya nne kwa ufa uleule.

Kwa nini kiraka hakidumu

Chanzo cha tatizo ni aina ya chuma. Manifoldi nyingi za malori, pikapu na matrekta zimetengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Mafundi wengi hukiita kasti. Chuma hiki kina kaboni kati ya asilimia 2 na 4, wakati chuma laini cha mageti na madirisha kina kaboni isiyofikia asilimia 0.3.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kila kitu. Fundi anapotumia rodi za kawaida, zile za kuchomelea mageti, rodi inayoyeyuka hunyonya kaboni kutoka kwenye manifoldi. Ikipoa haraka, mshono huwa mgumu lakini dhaifu kama kioo. Sehemu ya manifoldi iliyo kando ya mshono nayo hukakamaa.

Mshono huo pia husinyaa unapopoa na kuvuta chuma cha pembeni. Kwa kuwa chuma cha kusubu hakivutiki, hupasuka. Ndiyo maana mara nyingi ufa mpya haupiti katikati ya mshono bali ubavuni mwake, na wakati mwingine mlio wa kupasuka husikika fundi akiwa bado hajaondoka.

Kosa la pili ni kuchomelea juu ya mshono wa zamani. Chini yake huwa kuna masizi, mafuta, kutu na matundu ya hewa. Rodi mpya haishiki kwenye uchafu huo. Kiraka juu ya kiraka huongeza unene tu, nguvu haiongezeki.

Kazi inavyotakiwa kufanywa

Manifoldi ifunguliwe na kutolewa kwenye gari. Fundi anayechomelea ikiwa bado imefungwa kwenye injini haoni upande wa nyuma, hawezi kuipasha moto ipasavyo, na yuko karibu na mipira ya mafuta inayoweza kushika moto. Umeme wa mashine ya kuchomelea pia unaweza kuharibu altaneta na kompyuta ya gari.

Hatua inayofuata ni kuondoa mshono wote wa zamani kwa grenda mpaka chuma safi kionekane. Miisho yote miwili ya ufa itafutwe na kila mmoja utobolewe tundu dogo la milimita 3 hivi. Tundu hilo huzuia ufa kuendelea kukimbia. Kisha ufa wenyewe uchimbwe kwa umbo la V ili rodi ifike chini badala ya kukaa juu juu.

Chuma cha kusubu hunyonya mafuta. Kwa hiyo sehemu hiyo ipashwe moto ili mafuta yaungue, kisha isuguliwe kwa brashi ya waya.

Rodi zinazofaa ni zile zenye nikeli. Kwenye pakiti huandikwa ENi-CI, ambazo karibu zote ni nikeli, au ENiFe-CI, ambazo zina nikeli kama asilimia 55 na zilizobaki kwa sehemu kubwa ni chuma. Za aina ya pili huwa na bei nafuu kidogo, zina nguvu zaidi na hufaa kwa manifoldi. Rodi za nikeli ni ghali zaidi kuliko za kawaida, lakini kazi moja ya manifoldi huhitaji chache tu.

Kabla ya kuchomelea, manifoldi nzima ipashwe moto taratibu, si sehemu ya ufa peke yake. Joto linalopendekezwa kwa chuma cha kusubu ni kati ya nyuzi 260 na 650. Fundi huchomelea vipande vifupi vya sentimita mbili na nusu hivi, na kila kipande hugongwagongwa taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo kikiwa bado cha moto. Kugonga huko hupunguza nguvu ya mshono kuvuta pembeni.

Baada ya hapo manifoldi ifukiwe kwenye mchanga mkavu, majivu au chokaa kavu na kuachwa ipoe yenyewe, ikiwezekana usiku kucha. Kuimwagia maji ili kuwahi safari ni kuiua.

Ipo pia njia ya baridi, ambapo vipande vifupi sana huchomelewa na kila kimoja kuachwa kipoe mpaka kiguswe kwa mkono kabla ya kingine kufuata. Njia zote mbili hufanya kazi. Kinachoharibu ni kuzichanganya, yaani kuanza na chuma baridi na kuchomelea mfululizo hadi mwisho.

Uso ukipinda, kazi ni bure

Manifoldi inaweza kuchomelewa vizuri na bado ikavujisha moshi. Joto hupinda uso unaokaa kwenye injini. Uso huo upimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka. Mwanga ukipenya chini ya rula, manifoldi ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kusawazisha kabla ya kufungwa.

Gasketi mpya ni lazima. Bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu na kwa nguvu iliyowekwa na mtengenezaji. Baada ya safari ya kwanza, injini ikishapoa, zikaguliwe tena.

Gari lenye tabo lina tahadhari ya ziada. Vipande vidogo vya chuma vilivyobaki ndani ya manifoldi husukumwa na moshi moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo, hivyo ndani pasafishwe kabisa. Ufa ulio kabla ya tabo pia hupunguza nguvu ya gari mlimani na kuongeza mafuta yanayoteketea.

Fundi makini hutafuta pia sababu ya ufa. Vishikio vya bomba la nyuma vikikatika, uzito wote huning'inia kwenye manifoldi. Bolti moja ikikosekana, mzigo huhamia kwa nyingine. Kuosha injini kwa maji baridi ikiwa ya moto nako hupasua chuma hiki. Sababu isipoondolewa, ufa utarudi hata kwa rodi bora.

Hesabu ya mfanyabiashara

Chukulia mfano huu, ambao mwenye gari anaweza kuujaza kwa bei za mahali alipo. Kiraka cha haraka ni Sh20,000 na gasketi Sh15,000. Kikivunjika na kurudiwa, kwa msimu mmoja zikawa mara tatu, jumla ni Sh105,000. Kama kila safari iliyokosekana ingeleta faida ya Sh150,000, safari tatu ni Sh450,000. Hasara yote ni Sh555,000, na bado nyanya zilizoharibika njiani hazijahesabiwa.

Kazi kamili ya kutoa manifoldi, rodi za nikeli na kusawazisha uso ikigharimu Sh80,000, pamoja na gasketi ni Sh95,000. Ikiongezwa safari moja iliyokosekana, jumla ni Sh245,000. Tofauti ya Sh310,000 inabaki mfukoni.

Hata hivyo, si kila manifoldi inafaa kutengenezwa. Ikiwa na nyufa nyingi, chuma kikiwa kimeliwa na joto hadi kubaki chembamba, au imeshachomelewa mara nyingi kwa rodi za kawaida, ni heri kununua nyingine nzima, hata iliyotumika. Anayenunua iliyotumika aisugue kwa brashi ya waya na kuikagua mchana kweupe, kwa kuwa rangi na masizi huficha ufa.

Wapo pia wanaotengeneza manifoldi kwa mabomba. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki hayafai. Yanapochomelewa hutoa moshi wa zinki unaomletea fundi homa na kubana kifua.

Hatari isiyo na harufu

Hasara ya fedha si kubwa kuliko zote. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Injini za petroli hutoa nyingi zaidi kuliko za dizeli, lakini hakuna iliyo salama kuvuta moshi wake.

Ufa wa manifoldi uko karibu na anapokaa dereva, na moshi hupenya kwenye matundu ya nyaya na ya pedali. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu wawili au watatu walio ndani ya gari moja si uchovu wa safari. Gari lisimamishwe, watu washuke wapate hewa safi na kupelekwa hospitali. Hakuna anayepaswa kulala ndani ya gari lenye ufa wa namna hiyo huku injini ikiunguruma.

Kabla ya kulipa

Mwenye gari hahitaji kuwa fundi. Anatakiwa kuuliza mambo manne tu: Je, manifoldi itatolewa? Mshono wa zamani utaondolewa wote? Rodi ni za nikeli, na pakiti iko wapi? Itapozwa vipi? Fundi asiyeweza kujibu ataacha kazi itakayorudi. Mafundi waliosomea kuchomelea katika vyuo vya VETA ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta.

Kazi ikikamilika, ipimwe kabla ya kupakia mzigo. Injini ikiwa imezimwa na ya baridi, hewa ya kompresa ya mziba pancha ipulizwe kidogo kwenye mdomo wa ekzosi uliozungushiwa kitambaa, na maji ya sabuni yapakwe kwenye mshono na kwenye gasketi. Povu likitoka, gari lisiondoke.