Lori liko Migori na oili yavuja: uliza haya kabla hujatuma pesa

Wengi wetu hapa Pwani tuna lori moja tu, la familia au la watu wawili watatu waliochangiana, na lori hilo halilali nyumbani. Likipakia chumvi Gongoni au saruji Mombasa, hupita Nairobi, Narok, Bomet na Kisii, likafika Rongo. Hapo njia hugawika: moja yaenda Awendo na Migori hadi mpakani Isebania, nyingine yapita Rodi Kopany hadi Homa Bay ziwani. Ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Basi simu ikilia ukaambiwa, "Gia boksi inavuja, fundi ataka kuishusha, tuma pesa," waamua jambo ambalo hujaliona kwa macho yako.

Nimeendesha njia hiyo miaka mingi kabla ya kukaa mjini kusimamia gari, na neno langu ni hili: oili kuonekana chini ya gia boksi si ushahidi kwamba gia boksi ndiyo inayovuja. Kuishusha kwa lori ni kazi ya kutwa nzima, wakati mwingine siku mbili, na mzigo umekaa. Kama oili ilikuwa yatoka kwengine, utalipa, itarudishwa, na tone litabaki pale pale.

Sababu yake ni nyepesi. Oili hushuka, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Ikitoka juu ya injini, kwenye kava ya vali au bomba la oili la tabo, hufuata mwili wa injini hadi sehemu ya chini kabisa, nayo mara nyingi ni lile kasha la klachi linalounganisha injini na gia boksi. Hapo ndipo hudondoka. Anayechungulia chini ya gari huona mwisho wa safari ya oili, haoni mwanzo wake.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa dereva ni: kinachodondoka ni kitu gani? Mwambie atandike boksi jeupe au karatasi chini ya gari usiku kucha, asubuhi akupigie picha. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi kwa masizi. Oili ya gia huwa nzito, rangi ya asali au kahawia, na wengi huijua kwa harufu yake ya kiberiti, kama yai viza. Ikiwa nyekundu na nyepesi, huenda ni ya usukani. Mafuta ya klachi ni yale yale ya breki: mepesi, hula rangi ya gari, na ukiyatia kwenye maji huchanganyika, hali oili huelea juu. Ukiona hayo, tazama silinda ya chini ya klachi na bomba lake. Kwenye malori mengi imefungwa nje na haihitaji kushusha kitu.

Hapa pana mtego. Baadhi ya gia boksi za malori ya Kijapani hutiwa oili ya injini kwa agizo la kiwanda, kwa hivyo hutasikia kiberiti. Lakini gia boksi haichomi dizeli, na oili yake haiwi nyeusi tititi kama ya injini. Jua gari lako latiwa ipi kabla halijatoka Mombasa, uiandike.

Swali la pili: mumeosha? Barabara za murram za Nyatike na udongo mweusi wa upande wa Homa Bay hushikana na oili mpaka chini ya gari pakawa tope tupu. Kwenye tope hilo hakuna fundi awezaye kuona chanzo. Gari liegeshwe pahali pa sawa, magurudumu yatiwe vizuizi, injini ipoe, kisha paoshwe kwa sabuni na brashi kuanzia nyuma ya injini hadi propela, pakaushwe. Halafu papakwe poda ya mtoto, gari liende kilomita kumi au ishirini, lirudi. Poda huonyesha mstari wa unyevu. Fuata mstari huo kwenda juu na mbele. Pahali pa juu kabisa palipolowa ndipo pa kushughulikia.

Swali la tatu: kipumulio kiko wazi? Juu ya gia boksi kuna kitundu chenye kofia ndogo. Gia zikipata moto, hewa ya ndani hupanuka na kutokea hapo. Kikizibwa na tope, presha hutafuta njia nyingine, ikasukuma oili kupitia sili ambayo haina kasoro yoyote. Wakati mmoja gari letu lilitoka upande wa Macalder baada ya mvua, likaanza kuvuja nyuma ya gia boksi. Fundi wa kwanza alitaka sili mpya. Wa pili, pale Rodi Kopany, alipanda juu na kipande cha waya, akazibua kipumulio, akarekebisha kiasi cha oili, akapanguza. Likafika Mombasa kavu.

Kiasi cha oili nacho ni muhimu. Kwenye gia boksi nyingi za gia za mkono, bolti ya kujazia iko ubavuni, na oili hutakiwa ifike ukingo wa chini wa tundu, gari likiwa sawa. Ikizidi, itatafuta pa kutokea. Na ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia. Hilo hutokea gari likipita kwenye mafuriko, kama yale ya mto Kuja, gia boksi ikiwa moto: hupoa ghafla na kuvuta maji ndani. Oili hiyo imwagwe yote, kuongeza haisaidii.

Swali la nne: je, yatoka ndani ya kasha la klachi? Kama nje kote kukavu na tone latoka kwenye tundu la chini la kasha, hapo kweli gia boksi itashuka. Ikiwa nyeusi, ni sili ya nyuma ya injini. Ikiwa ya gia, ni sili ya mbele ya gia boksi. Maadamu umeshalipia kushusha, badilisha sili zote mbili na uangalie sahani ya klachi. Klachi iliyolowa oili huteleza: injini yanguruma, gari haliendi, harufu ya kuungua yapanda.

Swali la tano: na nyuma, kwenye propela? Sili ya nyuma hubadilishwa bila kushusha gia boksi. Lakini fundi aitikise propela kwanza. Ikicheza juu na chini, beringi imekwisha, na sili mpya haitamaliza mwezi. Na hapa si pesa tu. Malori mengi ya wastani, ya Isuzu na ya Fuso, breki ya mkono imefungwa hapo hapo nyuma ya gia boksi. Oili ikilowesha breki hiyo, haishiki. Hebu fikiria lori lenye shehena limesimamishwa kwenye mteremko wa Kisii siku ya soko. Gari la namna hiyo lisitoke hata kama mwenye mzigo apiga kelele.

Sitaki msomaji aondoke akidhani mafundi wa kule ni wezi. Tabu ni kwamba sisi wenye magari hatulipi kutazama, twalipa kufungua tu. Fundi akilala chini ya gari saa mbili, akaosha, akapaka poda, akasema "zibua hiki tu," twampa shilingi za chai. Akishusha gia boksi twampa maelfu. Basi atashusha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ni lazima kwanza uujue ufa uko wapi, na anayeuonyesha ana haki ya ujira.

Mimi siku hizi hupatana na fundi kabla hajashika spana: saa ya kuchunguza ina bei yake, hata asipofungua bolti moja. Dereva naye hubeba lita chache za oili ya gia, brashi, poda na boksi jeupe.