Nishani Isiyosimuliwa

Neno "nishani" lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya awali ni alama. Sisi tunaofundisha isimu tunajua kwamba alama haijitoshelezi. Huelekeza kwenye jambo lililo nje yake. Anayekiona kipande cha chuma kifuani mwa baharia mzee, na asijue kilikotoka, ameona herufi bila ya kusoma neno.

Mwangalie Carl Brashear, mwana wa mkulima maskini wa Kentucky, Marekani. Alijiunga na jeshi la wanamaji mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 17. Wakati huo mabaharia weusi aghalabu waliwekwa jikoni na kuwahudumia maofisa mezani. Yeye alitaka kupiga mbizi. Aliandika barua baada ya barua akiomba nafasi, na mwaka 1954 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo cha wapiga mbizi cha jeshi hilo.

Januari 1966 ndege mbili za kijeshi ziligongana juu ya Palomares, Uhispania, na bomu moja la haidrojeni likazama katika Mediterania. Machi 23, katika shughuli ya kuliopoa, kamba ilizidiwa na bomba la chuma likachomoka. Brashear aliwasukuma wenzake kando, likampiga yeye. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Kwa kitendo hicho alitunukiwa nishani ya ushujaa wa nje ya vita.

Ushujaa huo ulikuwa wa dakika moja. Mimi huvutiwa zaidi na nishani yake nyingine, ile ya mwenendo mwema, ambayo baharia huipata kwa kutumikia miaka kadhaa bila doa, kisha akaipata tena na tena. Hiyo haina kishindo, lakini ndiyo inayotueleza ni mtu gani aliyerejea kazini kwa mguu wa bandia, akaidhinishwa upya mwaka 1968, akafikia daraja la juu la wapiga mbizi mwaka 1970, na kustaafu mwaka 1979 baada ya miaka 31.

Tunayajua haya kwa sababu Brashear alihojiwa angali hai. Filamu ya maisha yake ilitoka mwaka 2000. Yeye akafariki mwaka 2006.

Je, wetu? Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa Disemba 12, 1964. Mabaharia wa mwanzo waliobakia sasa ni wazee sana. Lugha yetu imejaa bahari: nahodha, omo na tezi, kusi na kaskazi. Haikosi maneno ya kuwasimulia, inakosa wasikilizaji.

Msomaji, ikiwa nyumbani kwenu imo nishani ndani ya kasha, muulize mwenyewe leo. Akiondoka, watoto wake watarithi chuma tu.